Maswali ya Wasomaji: Nani Bosi wa Nani Ndani ya Sistimu?

Toleo hili nimelitoa lote kwa mada moja maana barua zimekuwa nyingi na zote zinauliza kitu kilekile kwa sura tofauti. Kampuni imenunua programu ya biashara, kuna mtu kaambiwa "weka muundo wa kampuni humo ndani", na hakuna aliyemwambia aanzie wapi. Barua nimezifupisha kidogo na majina tumeyatoa kama kawaida yetu.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni afisa rasilimali watu, nimepewa kazi ya kuingiza muundo wa kampuni kwenye sistimu mpya. Chati ninayo, ile ya kubandika ukutani, mkurugenzi juu, mameneja chini yake, inashuka hivyohivyo mpaka mwisho. Nilijua nitainakili tu nimalize, kumbe sistimu inataka kampuni, tawi, idara, kituo cha gharama, nafasi, cheo, msimamizi, yaani kila nikifungua ukurasa nakuta muundo mwingine. Nianzie wapi?
– Dada wa rasilimali watu

JIBU: Dada, pole na kazi, na nikutoe wasiwasi kwanza, hujakosea popote. Shida iko kwenye hiyo chati. Chati ya ukutani ina mti mmoja, yaani mpangilio mmoja wa nani au nini kiko chini ya kingine, sistimu ina miti kadhaa, na ukilazimisha mti mmoja ufanye kazi za yote basi mwisho wa mwezi ripoti zitatoka na hakuna atakayezielewa. Naomba univumilie niieleze hii miti kwa kirefu, maana ukishaijua hayo mengine yote yanakaa sawa.

Mti wa kwanza ni wa kisheria. Hapa unajiuliza: nani anafunga hesabu zake mwenyewe na nani anajulikana kwa watu wa kodi kwa jina lake? Huyo ndo kampuni ndani ya sistimu. Kwenye SAP (hii na ERPNext na Odoo nitakazozitaja ni programu za biashara) hii kampuni inapewa msimbo wa herufi au tarakimu nne, na wao wanaichukulia kama kitengo kidogo kabisa kinachoweza kutolewa hesabu kamili zinazojitegemea, chini yake ndo zinakuja planti, yaani kiwanda au kituo cha kazi, na stoo. ERPNext inakubali kampuni mama na kampuni tanzu chini yake. Odoo nayo kuanzia toleo la 17, la mwaka 2023, inakuruhusu kuweka matawi chini ya kampuni bila kuyafanya kampuni kamili. Huu mti ndo wa kuufikiria mara mbili tatu kabla hujabonyeza kitu, kwa sababu haurekebishiki kirahisi. ERPNext kwa mfano itakukatalia kubadili sarafu ya kampuni ukishaingiza miamala, na kuifuta kampuni yenye miamala ndo kabisa usahau. Wengi wanachofanya ni kufungua kampuni mpya kwa kila ofisi, wanaona inapendeza, alafu baadaye kila mzigo ukihama kutoka ofisi moja kwenda nyingine sistimu inataka invoisi ya kampuni kwa kampuni, na mwisho wa mwaka mhasibu anakesha akiondoa mauzo ya ndani kwa ndani ili hesabu za pamoja zisionyeshe mapato ambayo hayapo. Kama ofisi haifungi hesabu zake yenyewe basi ni tawi, au ni kituo cha gharama tu, usiifanye kampuni.

Mti wa pili ni wa watu, nani anaripoti kwa nani. Hii ndo chati yako. Likizo zinapita humu, tathmini za kazi zinapita humu, madai ya safari na gharama ndogondogo pia.

Mti wa tatu ni wa pesa, yaani vituo vya gharama, yale mafungu ambayo matumizi yanaandikwa humo, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi kwa sababu unafanana sana na idara. Unafanana lakini sio uleule. Idara moja ya mauzo inaweza kuwa na vituo viwili, cha jumla na cha rejareja, kwa sababu mkurugenzi anataka kujua kipi kinakula pesa. Na kituo kimoja cha mradi kinaweza kubeba mishahara ya watu wa idara tatu. Kwenye ERPNext kuna vituo vya aina mbili, kikundi na kile cha mwishoni, na miamala inaingia kwenye cha mwishoni tu, kikundi kazi yake ni kujumlisha. Nimeona watu wanahangaika kuingiza gharama kwenye kikundi, sistimu inakataa, wanasema programu mbovu, kumbe inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Mti wa nne ni wa ruhusa, nani anaona nini na nani anagusa nini. Huo nitauongelea kwenye barua nyingine hapo chini.

Dynamics 365 Finance ya Microsoft imeliweka hili wazi kuliko nyingi, inakuruhusu ujenge miti mingi kisha kila mti unaupa kazi yake, huu wa manunuzi, huu wa bajeti, na kadhalika. Hata kama programu yenu ni nyingine wewe fikiria hivyohivyo.

Sasa kuanza. Acha kompyuta kwanza, chukua karatasi uandike maswali ambayo sistimu itatakiwa kuyajibu. Nani anapitisha likizo ya mtu wa stoo? Oda ikizidi kiwango fulani nani mwingine lazima asaini? Umeme wa jengo la pili unaingia kwenye gharama za nani? Wakubwa wanataka kuona faida kwa tawi, kwa bidhaa, au vyote viwili? Kila swali utaona lina mti wake. Ukimaliza mkae mezani wewe, mhasibu na mtu wa sistimu, na huyo mhasibu usikubali asiwepo, maana mara nyingi anaitwa mwishoni wakati kila kitu kimeshajengwa na yeye ndo ataishi nacho.

Na hiyo chati unayonakili nayo haikuzaliwa bila sababu. Mwaka 1855 Daniel McCallum, msimamizi wa reli ya New York and Erie kule Marekani, alichorewa mchoro ambao wengi wanauhesabu kuwa chati ya kwanza ya muundo wa kampuni, ukiwa na umbo la mti kweli, rais na bodi wako chini kwenye shina na matawi yanapanda juu kuelekea kwa wafanyakazi. Reli ilikuwa imekuwa ndefu, taarifa zinachelewa kufika kwa wanaotakiwa kuamua, akataka ieleweke nani anatoa taarifa kwa nani. Alianza na swali ndo mchoro ukafuata, na wewe nenda kwa mpangilio huohuo.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Meneja wetu wa manunuzi aliacha kazi, akaunti yake ikafungwa siku hiyohiyo kama inavyotakiwa. Tangu hapo maombi yote ya manunuzi yanaenda kwake na yanakwama huko. Bosi mmoja kashauri tufungue akaunti yake tena tupitishe maombi halafu tufunge. Ni sawa?
– Karani wa manunuzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, sio sawa hata kidogo, na ukilazimishwa omba uandikiwe. Rekodi itaonyesha mtu aliyeshaondoka kaidhinisha manunuzi wiki mbili baadaye, mkaguzi akija hiyo haina maelezo, na wewe uliyebonyeza ndo utaulizwa. Mwenye mamlaka ya kusimamia sistimu ahamishe maombi yaliyokwama yaende kwa mtu aliyekaimishwa rasmi, kwa jina lake huyo mtu na tarehe ya leo.

Chanzo cha tatizo ni kwamba mti wenu umefungwa kwenye jina la mtu badala ya nafasi. Kwenye upande wa rasilimali watu wa SAP wanatenganisha vitu vinne: kitengo, kazi, nafasi na mtu. Kazi ni maelezo ya jumla, mfano "mhasibu". Nafasi ni kiti chenyewe, "mhasibu wa malipo, idara ya fedha". Mtu anakuja anakikalia. Nafasi inaripoti kwa nafasi, kwahiyo mtu akiondoka kiti kinabaki pale kikiwa wazi na mti haukatiki, tena unaona kabisa una viti vingapi vitupu. Dynamics 365 nayo ina mti wa nafasi wa namna hiyo na unaweza kuutumia kupeleka maombi ya kuidhinishwa.

Odoo na ERPNext zinaandika msimamizi moja kwa moja kwenye rekodi ya mfanyakazi, mtu kwa mtu. Sio vibaya, kwa kampuni nyingi inatosha, ila inabidi muwe na utaratibu wa mtu kuondoka na uandikwe kabisa: kabla akaunti haijafungwa tafuteni wote wanaoripoti kwake, idara zote ambazo yeye ndo meneja, na kila kanuni ya kuidhinisha yenye jina lake, mbadilishe zote, ndo mfunge. Na mfunge, msifute. Ukifuta mfanyakazi unafuta na ushahidi wa alichowahi kusaini. Likizo ndefu nayo ni hivyohivyo, muweke kaimu mwenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, sio mtu kumwachia mwenzake paswedi.

SWALI: Kaka nina wafanyakazi karibu mia nne kwenye Excel, nimejaribu kuwapakia kwenye sistimu imenikatalia vibaya. Mara msimamizi hayupo, mara idara haijulikani, mara naambiwa kuna mduara. Nikirekebisha moja inaibuka nyingine. Naomba msaada nimechoka.
– Kijana wa data

JIBU: Pole sana kaka, hii kazi inachosha lakini ina njia yake. Tatizo la kwanza ni kwamba kila kitu kinamsubiri mwenzake. Idara inataka meneja, meneja lazima awe mfanyakazi, mfanyakazi anataka idara na msimamizi, msimamizi naye ni mfanyakazi ambaye pengine yuko mstari wa mia tatu kwenye faili lako na bado hajaingia. Kwahiyo usipakie mara moja, pakia kwa awamu. Anza na idara bila mameneja, na ndani ya hizo idara zile za juu zitangulie zile za chini yake. Kisha vyeo au nafasi. Kisha wafanyakazi wote wakiwa na idara na cheo lakini safu ya msimamizi uiache tupu kabisa. Wakishaingia wote ndo unapakia faili jingine dogo lenye safu mbili tu, namba ya mfanyakazi na namba ya msimamizi wake. Mwisho kabisa unarudi kwenye idara kuweka mameneja. Ukienda hivi makosa ya "hayupo" yanaisha karibu yote.

Tumia namba, usitumie majina. Majina yanafanana, yanaandikwa tofauti, kuna mtu atakuwa na nafasi ya ziada mwishoni mwa jina ambayo huioni kwa macho lakini sistimu inaiona, "Uhasibu" na "Uhasibu " kwake ni idara mbili. Na hapo Excel uiangalie vizuri maana ina tabia ya kusaidia bila kuombwa: namba 0012 inaigeuza 12, na msimbo wa kituo kama 3-1 inaugeuza tarehe. Safu za misimbo zigeuze ziwe maandishi kabla hujaandika chochote, sio baada, kwa sababu sifuri ikishaliwa hairudi. Alafu misimbo yenyewe usiibebeshe maana nyingi, ukianza kuweka namba ya jengo na herufi ya meneja ndani ya msimbo, siku idara ikihama msimbo unakuwa muongo na hamuwezi kuubadilisha maana umeshatumika kila mahali.

Mduara sasa. Maana yake A anaripoti kwa B, B kwa C, na C kwa A, au kuna mtu kaandikwa ni msimamizi wake mwenyewe. Sistimu ikijaribu kupanda juu kumtafuta bosi wa mwisho haifiki, ndo maana inakataa. Namna ya kuukamata kwenye Excel ni hii: ongeza safu ya ngazi. Asiye na msimamizi mpe 0, na hakikisha ni mmoja tu, ukikuta wako watano basi wanne mmesahau kuwaandikia mabosi. Wote wanaoripoti kwa 0 wape 1, wanaoripoti kwa wenye 1 wape 2, endelea hivyo mpaka usipate mtu mwingine wa kumpa. Waliobaki bila ngazi ndo hao, wako kwenye mduara au wananing'inia chini ya mduara, au msimamizi wao hayumo kwenye orodha. Kwa watu mia nne ni kazi ya asubuhi moja na ukiimaliza unaielewa kampuni yenu kuliko mtu yeyote pale ofisini.

Na kabla ya yote hayo tumia sistimu ya majaribio, pakia idara moja ndogo kwanza, ikikubali ndo upeleke zote.

SWALI: Ngazi ngapi zinatosha? Mshauri kasema zisizidi nne, mkurugenzi anataka nane.
– Msomaji

JIBU: Hakuna namba takatifu. Angalia mtiririko wa ombi: kama karani anaomba kalamu na ombi linapita kwa watu sita, ngazi zimezidi, au mmeweka kila ngazi iidhinishe wakati wengine walitakiwa kupewa taarifa tu. Ngazi kuwepo kwenye mti hakulazimishi isaini kila kitu, weka viwango vya pesa, kidogo kinaishia kwa msimamizi, kikubwa kinapanda.

Ila ukipunguza ngazi bosi mmoja anabeba watu wengi, na hilo nalo lina bei yake. Mshauri wa uongozi V. A. Graicunas mwaka 1933 alikokotoa mahusiano ambayo bosi anatakiwa kuyafuatilia, yeye na kila mmoja, yeye na kila kikundi, na wao kwa wao. Kwa watu 4 yalikuja 44, kwa watu 5 yakawa 100, kwa 6 yakafika 222. Sio kwamba bosi anayaishi yote hayo kila siku, lakini ukiona meneja ana watu thelathini chini yake kwenye sistimu na maombi yao yanachelewa, usimlaumu haraka.

SWALI: Mtaalamu, mimi ni fundi, kwenye chati niko chini ya meneja wa ufundi lakini kazi zote napewa na meneja wa mradi. Sistimu inakubali bosi mmoja tu. Aandikwe nani? Wanagombana kweli.
– Fundi wa mabosi wawili

JIBU: Pole ndugu yangu. Hapa rudi kwenye ile habari ya miti mingi. Msimamizi kwenye rekodi yako awe yule anayejibu maswali ya ajira yako: likizo, tathmini, nidhamu, kupandishwa cheo. Kwa wengi huyo ni meneja wa idara, kwako ni wa ufundi. Meneja wa mradi yeye aandikwe kwenye mradi, akuidhinishie masaa uliyofanya kazi na gharama za mradi, kwa sababu pesa inatoka kwake. Programu nyingi za biashara zina sehemu ya miradi yenye mwidhinishaji wake, kwahiyo hamna haja ya kulazimisha mabosi wawili kwenye kisanduku kimoja. Nyingine zina mstari wa pili, ule wanaouchora kwa nukta nukta kwenye chati, ni mzuri kwa kuona tu lakini usipitishe maombi humo kabla hamjakubaliana nani ana neno la mwisho.

Likizo ndo yenye ugomvi maana inawagusa wote. Ninavyoona mimi meneja wa mradi apewe taarifa na muda wa kusema kama ana pingamizi, kusaini abaki meneja wa idara. Mkiweka wasaini wote wawili, mmoja akisafiri wewe hupumziki. Na hao mabosi wakikataa kuelewana, sistimu haitawapatanisha, wapelekeni kwa mkubwa wao aamue kwa maandishi ndo muingize.

SWALI: Baada ya kuweka wasimamizi, meneja wa mauzo akaanza kuona mishahara ya watu wake wote na barua zao za onyo. Wafanyakazi wamekasirika na wana haki. Tumekosea wapi?
– Msimamizi wa sistimu

JIBU: Kweli wana haki, na hili lifungeni leo kabla ya kusoma jibu langu mpaka mwisho.

Mmechanganya mti wa watu na mti wa ruhusa. Sistimu nyingi zina tabia ya kumrithisha aliye juu vitu vya walio chini. Salesforce, programu ya kusimamia wateja, ina mti wa majukumu ambapo aliye juu anaona rekodi za walio chini yake, na wenyewe wanasema wazi kwamba mti huo hauna lazima ya kufanana na chati ya kampuni, upangeni kwa kuangalia nani anahitaji kuona data gani. Upande wa wateja wa Dynamics 365 kuna utaratibu ambapo msimamizi wa moja kwa moja anaweza kusoma na kurekebisha rekodi za mtu wake, lakini mabosi wa juu zaidi wanasoma tu. ERPNext ukimpa mtu ruhusa kwenye idara ya juu, kwa kawaida anapata na idara zote za chini yake, mpaka uzuie. Sasa mtu akiweka tu "meneja yuko hapa" bila kujua urithi huu, milango inafunguka ambayo hakuna aliyeamua ifunguke.

Data nyeti, yaani mishahara, nidhamu, afya, ziwe na ruhusa zake pembeni zisizotegemea nani bosi wa nani. Bosi anahitaji kujua mtu wake yuko likizo, hahitaji kujua cheti cha daktari kimeandika nini.

Kuna jambo lingine humuhumu ambalo naliona halizungumzwi vya kutosha. Mmetenganisha kazi vizuri, anayesajili saplaya sio anayelipa, anayeagiza sio anayepokea mzigo. Safi. Lakini juu ya wote hao kuna meneja mmoja, na kama amerithi ruhusa za chini basi yeye peke yake anaweza kusajili saplaya, kuagiza, kupokea na kulipa. Ule utenganisho wote mlioujenga kwa makarani umeyeyuka ngazi moja juu. Bosi aone, aidhinishe, lakini asiweze kuingiza. Fungueni akaunti za majaribio, moja ya karani, moja ya meneja, moja ya mkurugenzi, muingie kwa kila moja muone kwa macho yenu inafungua nini. Maelezo ya kwenye makaratasi ya mradi hayatoshi.

SWALI: Mwezi ujao idara mbili zinaunganishwa. Nibadilishe jina la moja na kuifuta nyingine?
– Mhasibu

JIBU: Usifanye hivyo tafadhali. Ukibadilisha jina, historia yote ya idara ya zamani itavaa jina jipya, na ripoti ya mwaka jana itaonyesha idara ambayo mwaka jana haikuwepo. Fungua idara mpya, hamisha watu kwa tarehe, na zile za zamani zizime zisitumike tena lakini zibaki.

Sistimu zinazotunza tarehe zinakusaidia sana hapa. Kwenye rasilimali watu ya SAP kila uhusiano una tarehe ya kuanza na ya kuisha, usioisha unaandikwa 31.12.9999, kwahiyo unaweza kuuliza mti ulikuwaje tarehe fulani na ukajibiwa. Dynamics 365 Finance nayo inatunza miti kwa tarehe ya kuanza kutumika. Kama yenu haina hilo basi jua kwamba ripoti zinajumlishwa kwa mti wa leo, ukihamisha kituo cha gharama kutoka kikundi hiki kwenda kile na ukatoa upya ripoti ya mwaka jana, jumla za vikundi zitakuja tofauti na zile mlizowapa bodi. Hakuna muamala uliobadilika, ni mti tu. Kwahiyo kabla ya kugusa hifadhi ripoti za zamani na nakala ya mti ulivyo, fanya mabadiliko mwanzoni mwa kipindi cha hesabu na sio katikati, maombi yanayosubiri saini yaishe kwanza, na bajeti iliyokuwa kwenye vituo vya zamani uihamishe, maana watu wanahamia idara mpya wanakuta bajeti sifuri na sistimu inawakatalia hata kununua karatasi.

SWALI: Mkurugenzi wetu yuko juu kabisa, hana msimamizi. Akiweka madai yake ya safari sistimu inayapitisha yenyewe. Naogopa kuuliza.
– Sitaki kutajwa

JIBU: Ulichokiona ni kitu cha kweli na ni vizuri umeuliza. Aliye kileleni lazima awe na kisanduku cha msimamizi kitupu, hilo halina kosa. Kosa ni kutegemea mti wa wasimamizi kwa madai yake, kwa sababu hauna pa kwenda. Kuna sistimu zitapitisha, kuna nyingine zitakwamisha, inategemea ilivyopangwa. Wekeni kanuni ya pembeni kwa ajili yake tu: madai yake yakaguliwe na mkuu wa fedha kama risiti ziko sawa, kisha yaidhinishwe na mwenyekiti wa bodi au mjumbe mliyempangia. Mkuu wa fedha peke yake hatoshi maana anaripoti kwa huyohuyo mkurugenzi. Na mwenyekiti hahitaji kuwa mfanyakazi kwenye sistimu, anahitaji akaunti yenye ruhusa hiyo moja.

Namna ya kulisema bila kuogopa: usiende na madai ya mkurugenzi mkononi. Peleka orodha ya nafasi zote ambazo maombi yake yanajipitisha yenyewe, maana ukitafuta utakuta haiko moja, kuna mameneja ambao wamejiweka kuwa waidhinishaji wa idara wanayoiongoza na wanasaini maombi yao wenyewe. Orodha ikiwa ya watu kadhaa linakuwa suala la sistimu. Mpelekee mkuu wa fedha au mkaguzi wa ndani kama mnaye, na uombe kanuni moja ndani ya sistimu itakayomgusa kila mtu, kwamba aliyeomba hawezi kuwa aliyeidhinisha.